Siku nane na Shosho: Kutoka Nakuru hadi Macalder kuuliza habari za migodi

Nimerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Haya nimeyaunga kutoka kwenye picha za simu, karatasi zangu zilizolowa, na zaidi ya yote daftari la Shosho, kwa sababu yeye huandika kila shilingi na saa iliyotumika.

Kwanza niseme safari ilianzaje. Kijijini kwetu, upande wa Bahati, kuna timbo la mawe ya kujengea. Mwenyewe aliliuza, na kampuni iliyonunua, ambayo sitaitaja kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea, inataka kulipanua. Walikuja na hema, soda na ahadi tatu: tangi la maji, madarasa mawili, kazi kwa vijana. Wazee wakapiga makofi. Asiyepiga ni mweka hazina wa kamati yetu ya maji, mama wa miaka 68 ambaye hata chifu humwita Shosho, yaani nyanya. Aliuliza tu, "Iko wapi karatasi?" Karatasi haikuwepo. Basi kamati ikachanga Sh 30,000, tukatumwa wawili kwenda kuona waliotutangulia kuishi na migodi wamepata nini. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nina simu yenye kamera nzuri. Ulikuwa mwezi wa Februari, vumbi kila mahali.

Siku ya 1, Jumatatu: Kariandusi

Tulianza na ya karibu. Kutoka Nakuru panda matatu ya Gilgil, mwambie makanga akushushe njia panda ya Kariandusi. Tulilipa Sh 150 kila mmoja. Mamia ya watu hupita hapa kila siku wakielekea Nairobi bila kugeuza shingo.

Wengi wanaojua Kariandusi wanajua makumbusho, yale mashoka ya mawe aliyoyafukua Louis Leakey, mengine ya kioo cheusi cha volkeno. Sisi tulitaka mwamba mweupe ulio jirani, diatomaiti. Ukiushika unadhani ni chokaa, lakini ni mwepesi kama mkate mkavu. Ni maganda ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyojilaza chini ya ziwa la kale, tabaka juu ya tabaka. Hutumika kuchujia vinywaji, kwenye rangi, hata kwenye dawa ya kuua wadudu. Shosho alikwangua kipande akakigusisha ulimini. Kikanasa. Ilibidi akivute, na nikaelewa kwa nini kitu hiki kinanyonya maji vile.

Mtu tuliyejifunza kwake siku hiyo ni mama wa chai, kibanda cha mabati karibu na barabara. Tulimuuliza wachimbaji wa eneo hili wamewasaidia nini majirani. Tulitarajia atutajie shule au zahanati. Akasema, "Madereva wa lori hunywa chai kwangu." Kisha akahesabu: maandazi mangapi asubuhi, maziwa anunua kwa nani, sukuma ya mchana hutoka shamba la nani. Kwake msaada ni lori kusimama. Shosho aliandika: *Chakula cha wafanyakazi kinunuliwe wapi? Uliza.* Ni swali ambalo kikao chetu kizima chenye soda hakikulifikiria.

Siku ya 2, Jumanne: Nakuru hadi Kisumu

Matatu ya viti kumi na vinne, Sh 800 kwa kichwa. Ilituchukua saa moja na nusu kujaa stejini, halafu tairi likapasuka kabla ya Londiani Junction. Tuliketi kwenye nyasi karibu saa mbili. Makanga, kijana mwenye kofia ya Gor Mahia, alimtafutia Shosho kigoda kwenye duka la karibu bila kuambiwa, na akakataa katakata kupewa ya soda.

Hapo nyasini ndipo somo la sheria lilipofanyika. Abiria mmoja alikuwa karani aliyewahi kufanya kazi za kaunti, na aliposikia tunakokwenda akatoa kalamu. Sheria ya Madini ya 2016, alisema, inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa madini anayoyatoa, hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Shosho akachangamka kusikia hiyo 10. Karani akamtuliza: mrabaha wenyewe si pesa yote ya mauzo. Kwa dhahabu, kiwango kilichowekwa 2013 ni asilimia 5. Basi dhahabu ya shilingi mia ikiuzwa, mrabaha ni shilingi tano, na fungu la jamii katika hizo tano ni senti hamsini.

"Senti hamsini," Shosho akarudia, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Kuna jingine, karani akaendelea. Kampuni yenye leseni kubwa ya uchimbaji lazima iandikiane mkataba wa maendeleo na jamii, na kanuni za 2017 zinataka itoe angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo kwa mambo yaliyo kwenye mkataba huo: basari, maji, afya, barabara, kadiri jamii itakavyokubaliana nayo. Hiyo ni shilingi nzima katika mia. Ukijumlisha na ile ya mrabaha, moja na nusu.

Kwa hiyo tofauti ipo, na afadhali niiseme mapema kwa sababu ndiyo iliyotuongoza safari nzima. Tangi ambalo meneja anakuletea siku ya sherehe ni hisani yake, akiamua kutoleta huna pa kumshika. Ile shilingi moja na nusu ni deni. Sisi kwetu tulipigia makofi hisani kabla hatujauliza kama kuna deni.

Kericho tulipita chai ikimeta jua la alasiri, Ahero tukanunua tikiti maji dirishani, na Kisumu tuliingia giza likianza. Samaki wa Dunga walitugharimu Sh 1,100 na ugali, bei ya wageni nadhani. Ukiweza, mwache mtu anayejua Kijaluo aagize.

Siku ya 3, Jumatano: Kakamega na Rosterman

Kisumu hadi Kakamega Sh 250, barabara ni lami safi, unapanda Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Pale Ilesi nilimwonyesha Shosho Ikhongo Murwi, lile jiwe linalolia. Kwa kiangazi kile halikuwa na chozi hata moja.

Rosterman ni mwendo mfupi wa boda kutoka mjini Kakamega. Leo ni mtaa: nyumba za kupanga, kinyozi, watoto wenye sare za shule. Lakini jina ni la mgodi. Dhahabu ilitangazwa huku mwaka 1931, na ndani ya muda mfupi wazungu walimiminika na mahema, wengine wakiwa walowezi waliofilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Mgodi wa Rosterman ndio uliokuja kuwa mkubwa, ukafungwa 1952.

Tulipelekwa kwa mzee mmoja ambaye baba yake alifanya kazi chini ya ardhi humo. Alitukaribisha chini ya mwembe, akamwita Shosho "Kukhu", nyanya kwa Kiluhya, na tangu hapo mpaka tunaondoka Kakamega hilo likawa jina lake. Mzee alituelezea jambo ambalo nilikuwa nimelisoma juujuu tu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji ikaahidi kwamba kipande kikitwaliwa kwa manufaa ya umma, wenyeji watapewa kingine cha kufidia. Dhahabu ilipoonekana, mwaka 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ya madini ingeweza kutwaliwa bila kuongezwa nyingine. Ahadi iliyoandikwa haikumaliza miaka mitatu.

"Kwa hiyo karatasi ilikuwepo," Shosho akasema polepole. Niliona jambo hilo limemsumbua.

"Ilikuwepo, Kukhu. Lakini waliokuwa na kalamu walikuwa upande mmoja."

Akamuuliza mzee: walipofunga, waliacha nini? Mzee akafikiri, akaangalia kule kwenye nyumba za mabati. "Jina," akasema. Halafu akaongeza mashimo. Alituonyesha moja, limezungushiwa miiba na kujaa maji ya kijani. Watoto wa siku hizi hawajui kina chake.

Kwa wanaotaka kufika: nenda na mwenyeji, vaa viatu vya kufunika, usikaribie ukingo wa shimo lolote hata likionekana dogo. Udongo wa juu huwa umebaki kama ganda tu.

Siku ya 4, Alhamisi: Ikolomani

Ndiyo siku niliyopiga picha nyingi kuliko zote, na nusu yake siwezi kuziweka hapa kwa sababu wenyewe waliomba sura zao zisionekane.

Shuka Sigalagala, boda hadi upande wa Isulu na Bushiangala Sh 150. Tulianzia kwa chifu, na ninashauri kila mgeni afanye hivyo. Ukionekana unazunguka na kamera karibu na mashimo ya dhahabu watu hudhani wewe ni wakala wa ardhi, na hawana hamu na mawakala.

Hapa kuna migodi ya aina mbili kwa wakati mmoja. Kuna ile ya wananchi, mashimo ya kushuka kwa kamba, na kuna mradi mkubwa wa kampuni ambao watu wamekuwa wakiuzungumzia kwa miaka. Haki za kutafuta dhahabu eneo hili zilinunuliwa na Shanta Gold mwaka 2020 kutoka kwa Barrick. Shanta ndiyo yenye mgodi wa New Luika kule Tanzania. Tulipopita sisi, dhahabu yote tuliyoiona ilikuwa ikitoka mikononi mwa wanakijiji.

Mama mmoja aliturudisha nyuma ya nyumba yake kutuonyesha. Mawe huletwa kwa gunia, hupondwa, husagwa mpaka unga, unga huoshwa kwa maji kwenye ubao wenye blanketi, kilicho kizito kikanasa kwenye manyoya yake. Kilichonaswa humwagwa kwenye karai, na hapo huingia zebaki. Aliikanda kwa mkono mtupu, ikikusanya chembe kama sumaku, akaikamua kwenye kitambaa mpaka ikabaki tonge la kijivu dogo kuliko punje ya maharage. Akaliweka kwenye kijiko, kijiko kwenye makaa. Moshi haukuonekana. Tonge likageuka polepole, kijivu, kahawia, halafu njano hafifu isiyong'aa. Mzani wa betri ukasema pointi nne. Pointi kumi ni gramu moja. Kwa hizo nne watu watano walikuwa wamefanya kazi siku mbili.

Nilirudi nyuma wakati wa kuchoma, na nawe fanya hivyo. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi, unaharibu mishipa ya fahamu, na Kenya imeridhia Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti. Mama alijua. "Tumefundishwa," alisema, "lakini mashine ya kutenganisha bila dawa hatujapewa." Hapo nikafikiri: kampuni kubwa ikitaka kusaidia jirani anayechimba kwa karai, ingeanza na mashine hiyo kabla ya mpira wa miguu na jezi.

Kisha akatoa daftari. La chama chao cha wachimbaji. Kila gunia linalosagwa, kiasi fulani huwekwa pembeni: mazishi, hospitali, karo. Majina, tarehe, sahihi, na kwa wasiojua kuandika, kidole gumba cha wino. Shosho alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Nusu saa nzima hawakuzungumza na mimi tena.

Mama alitukatalia kurudi mjini. Jioni ilikuwa kuku, ugali mgumu wa wimbi na mrenda, na mazungumzo ya ardhi mpaka usiku. Babu mmoja wa jirani aliuliza swali ambalo nadhani linaumiza wengi: "Shamba ni la babu yangu. Dhahabu ikitoka chini yake inakuwaje ya serikali?" Katiba, ibara ya 62, inahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, chini ya serikali kuu kwa niaba ya Wakenya. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Sasa mwambie huyo umma aje alime na mimi." Tukacheka, lakini yeye hakucheka sana.

Wanachotaka, kwa nilivyowasikia, si kampuni iondoke wala iingie tu. Kuna waliotaja kazi na barabara kwa hamu. Kuna waliotaja makaburi ya wazee wao na wapi yatahamishiwa. Kijana mmoja aliuliza kama mafunzo ya ufundi yatatolewa kabla mgodi haujafunguliwa au baada ya kazi kugawanywa kwa watu wa nje. Niliandika swali hilo neno kwa neno.

Siku ya 5, Ijumaa: njiani kwenda Migori

Siku ya kukaa tu. Kakamega, Kisumu, kubadilisha gari, Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori. Kisumu hadi Migori Sh 700. Miguu ya Shosho ilivimba.

Kilichoiokoa siku ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Sirari, ng'ambo ya mpaka, aliyekaa kati yetu. Kwao Tanzania, alisema kwa Kiswahili kile kilichotutia haya, halmashauri hutoza kampuni ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mapato, na tangu sheria ilipobadilishwa 2017 kampuni ya madini haijengi tu inachopenda: huandaa mpango wa kila mwaka wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Geita na Tarime watu wanajua kufuatilia hizo hela. Nikamuuliza kama basi kila kitu ni sawa. "Mwanangu, mpango kuandikwa ni jambo moja. Nani anakaa kwenye kikao, hilo ni la pili. Sisi wanawake wa sokoni tulichelewa kujua kikao kinafanyika lini."

Shosho akapiga mstari mara mbili chini ya *kikao lini*.

Mimi nikamwambia habari za Kwale, nilikowahi kufanya kibarua. Kampuni ya Base Titanium ilichimba madini ya titani huko kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024, ikatoa basari, ikajenga vituo vya afya, ikasaidia wakulima kupanda pamba. Mengi ya hayo watu wanayataja kwa shukrani. Lakini lile fungu la asilimia 10 la mrabaha jamii ililingojea miaka na miaka baada ya sheria kupita. Kampuni ililipa serikalini, pesa zikakwama njiani. Kwa hiyo si kila mara wa kulaumiwa ni mchimbaji.

Siku ya 6, Jumamosi: Macalder

Probox kutoka Migori kupitia Masara, Sh 300. Tulikuwa kumi, wawili kwenye buti na mbuzi mmoja. Dereva alimpa Shosho kiti cha mbele peke yake, jambo ambalo kwenye Probox ni sawa na kupewa ndege. Hapa wakawa wanamwita "Dani", nyanya kwa Kijaluo. Barabara ina vumbi jekundu, beba leso ya kufunga pua na maji ya kutosha, na pesa taslimu, kwa kuwa mtandao ulikatika mchana kutwa na M-Pesa ikalala.

Macalder ilikuwa mgodi wa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni, ukafungwa 1966. Kilichobaki ni kilima cha marudio, mchanga uliokwisha kusagwa na kukamuliwa, umekaa pale rangi ya kutu. Watu wamerudi kukamua tena kilichokamuliwa. Wanawake wameinama kwenye mabeseni, wengine na watoto mgongoni. Fikiria: mgodi umefungwa zaidi ya miaka hamsini, na bado kijiji kinakula makombo yake.

Njiani kurudi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tuliteremka kunyoosha miguu. Kulikuwa na kioski cha maji kilichopakwa rangi ya buluu, kimeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni zawadi kwa jamii, na jina la kampuni iliyowahi kuja kupima udongo. Jina nusu limekwaruzwa. Bomba halina kishikio. Pampu, walisema, iliharibika mwaka wa pili. Kampuni ilikuwa imeshafunga kambi na kuondoka, kaunti ikasema pampu si yake, kijiji hakikuwahi kukabidhiwa hata risiti ya kujua ni ya aina gani ili kitafute spea. Mwenye duka jirani sasa hutumia kioski kuhifadhi makreti ya soda.

Shosho alizunguka kile kijumba mara mbili. Akagusa pale kishikio kilipokuwa. Nilidhani atasema kitu. Aliniambia tu nimpige picha amesimama kando yake, na ni picha pekee ya safari nzima aliyoiomba yeye.

Siku ya 7, Jumapili: Tabaka

Migori hadi Kisii Sh 300, kisha Tabaka Sh 150. Nilihofia Jumapili tutakuta kumefungwa, lakini majirani wengi huko ni Wasabato, wao hupumzika Jumamosi. Sauti ya tindo na msasa ilitupokea barabarani.

Tabaka ndiko mawe ya sabuni yanatoka, yale ya vinyago unavyoviona kila duka la watalii. Hakuna kampuni kubwa. Machimbo ni ya familia na majirani, wanaume wakichimba na kuchonga, wanawake wakiosha na kusugua kwa msasa ndani ya maji mpaka jiwe linateleza kama shavu la mtoto. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu. Shosho, ambaye sasa ni "Magokoro", nyanya kwa Kikisii, alinunua kiboko cha waridi cha Sh 200 kwa pesa yake mwenyewe, akahakikisha nimeandika kwamba ni pesa yake mwenyewe.

Nilidhani nitakuta mfano wa kuiga, jamii inayochimba na kula chake. Kidogo ni hivyo. Lakini mchongaji mmoja alitwambia anavyouza kwa dalali kwa bei ya kutupa, na mashimo ya zamani yameachwa wazi huku pia, ya watu wenyewe, hayana wa kushtakiwa. Vumbi la jiwe lilikuwa kwenye nyusi zake. Hana barakoa. Nikamuuliza sababu. "Inanifunga pumzi," akasema, akacheka.

Mvua ya ghafla ilitunyeshea tukirudi stejini na ndipo karatasi zangu zilipolowa. Mwanafunzi wa kike alitupisha chini ya mwavuli wake mpaka matatu ikaja, yeye akabaki analowa bega moja.

Siku ya 8, Jumatatu: nyumbani

Kisii hadi Nakuru Sh 900 kupitia Kericho. Tulilala njia nzima.

Kwa wanaotaka kujua gharama: watu wawili, siku nane, Sh 28,450. Malazi yalikula zaidi ya theluthi moja, vyumba vya Sh 1,000 hadi 1,200 kila mmoja. Ukienda peke yako na ukiruka Kariandusi unaweza kumaliza kwa nusu ya hizo. Usiende Aprili, barabara ya Macalder itakulaza njiani.

Kikao kilifanyika siku kumi baadaye, pale pale timboni, na hema lile lile. Shosho alirudisha Sh 1,550 kwenye bahasha na kuzihesabu mbele ya watu. Halafu alisoma maswali kutoka kwenye daftari, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani. Chakula cha wafanyakazi kitanunuliwa wapi. Vijana watafundishwa kabla au baada. Kikao kitakuwa lini, na nani atatangaza, na wanawake wangapi. Pampu ni ya aina gani, spea zake zinauzwa wapi. Shimo litafukiwa na nani, kwa pesa ipi, na pesa hiyo iwekwe wapi tangu leo.

Mwakilishi wa kampuni ni kijana mstaarabu, sina neno naye. Alieleza kwamba wao ni wadogo, si leseni kubwa, kwa hiyo kanuni ile ya mkataba wa asilimia 1 haiwahusu. Karani wa Londiani alikuwa ametuonya tungesikia hilo, na ni kweli sheria haiwalazimishi.

"Sawa," Shosho akasema. "Haikulazimishi. Inakukataza?"

Kijana akasema haimkatazi.

Shosho akachana katikati ya daftari karatasi mbili safi, akaweka kaboni kati yake, akamsogezea pamoja na kalamu. Kijana akatazama kalamu, akamtazama, akasema ni lazima kwanza ampigie bosi wake Nairobi. Akatoka nje ya hema na simu. Alikaa huko dakika arobaini. Nilizihesabu, kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa na Shosho kugusa soda mpaka arudi.